Gogo la Mgomba Chini ya Injini

Wadogo zangu, mimi ni mstaafu wa ufundi wa pikipiki, na nilistaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Najua mnacheka. Mstaafu huwa na mvi, huwa na picha ya siku ya kuagwa imening'inia sebuleni. Mimi nina kovu kwenye kidole gumba na kaduka ka fotokopi hapa Kahororo, Bukoba mjini. Wanafunzi huniletea mitihani ya zamani, nami huzinyoosha kingo za karatasi, nazigonga mezani, nazinyoosha tena, mpaka wananiuliza, "Kaka, una tatizo?"

Ninalo. Sipendi kitu kikae upande. Tatizo hilo ndilo lililonifanya niwe fundi mzuri, na ndilo lililonitoa kazini.

Nataka kuwaeleza namna ya kuinua pikipiki nyumbani ili mbadilishe tairi la nyuma bila kuumizana. Siwezi kueleza hilo bila kumtaja Mutalemwa, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Pale nyumbani kwake Kamachumu niliinua pikipiki yake vibaya, akaumia, na kwa miaka minne sikukanyaga ua ule. Miaka yote hiyo nilibeba swali moja tu: siku nikipiga hodi pale, nitakaribishwa?

Hakuna aliyenifundisha ufundi. Nilijifunza kwa pikipiki mbovu ya marehemu baba mdogo, iliyokuwa imelala nyuma ya jiko huku kuku wakitagia chini ya kiti chake. Niliifungua nati moja moja, na kila nati nikaichora kwenye daftari la hesabu: imetoka wapi, ilikuwa imekazwa kiasi gani, ina kutu au haina. Nilipoirudisha yote na injini ikakohoa, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akamaka kwa Kihaya, "Mawe! Sasa kuku watatagia wapi?"

Kwa hiyo nilianza kazi nikiwa mtu wa daftari na mtu wa hofu. Mafundi wengine pale kijiweni Kamachumu walinibatiza jina la Fundi Sabuni, maana sikuweza kufunga gurudumu bila kuliosha kwanza. Mteja akija na pancha ya dakika ishirini, alikaa saa mbili. Wateja waliondoka wakinung'unika, ila walirudi.

Siku moja, katekista mmoja aliniletea pikipiki yake Jumamosi jioni. Nikabadilisha tairi, akaenda zake. Asubuhi yake nafagia, naona washa moja imelala chini. Washa ni kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati. Akilini nilimwona katekista wa watu ameruka mtaroni, gurudumu limemtangulia. Nikakimbia hadi kanisani. Nikamkuta ameshaanza ibada, nikakaa benchi la mbele kabisa na ile washa kiganjani, jasho linanitiririka. Akina mama wakanionea huruma, wakadhani nimeguswa na neno. Ibada ilipokwisha tukaifungua ekseli pale pale chini ya mkaratusi. Hakuna kilichopungua. Ile washa ilikuwa ya baiskeli yangu mwenyewe.

"Lakini umesali?" katekista akaniuliza.

"Nimesali, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu. "Nimeiombea hii washa."

Alicheka mpaka akashikilia tanki la mafuta.

Aliyenifundisha kuinua kitu hakuwa fundi pikipiki. Alikuwa seremala, mzee tuliyemwita Ta Lwiza, ambaye sijawahi kumwona hata amepanda baiskeli. Karakana yake ilitazamana na kijiwe chetu. Alikuwa akituangalia tunavyoinua pikipiki: mmoja anashika usukani, wa pili anakumbatia kiti, wa tatu anasukuma jiwe kwa mguu. Mguu, jamani! Siku moja alivuka barabara, patasi mkononi.

"Nyie mnainua kwa ugomvi," alisema. "Wewe Proje, unayejifanya msafi. Hiyo pikipiki imesimama kwa miguu mingapi?"

Nikahesabu. "Gurudumu la mbele, na hili jiwe."

"Miwili. Kuku naye ana miwili, ila kuku yuko hai, anajisahihisha. Hiyo haiko hai. Itafutie mguu wa tatu."

Ndiyo elimu yangu yote hiyo, na ninawapa bure. Pikipiki ikishainuliwa nyuma, lazima iguse chini mahali patatu: gurudumu la mbele, stendi ya pembeni, na kitu kigumu kilichokaa chini ya fremu upande wa pili. Kitu hicho kiwe kipana chini kuliko juu. Kipande cha mti kilichokatwa sawasawa ni kizuri. Kreti la soda linafaa kama halijapasuka, na juu yake uweke ubao, ili kona ya injini isilitoboe. Usiegemeze kwenye eksozi hata siku moja, eksozi ni bati lenye majivuno tu. Na sisi wa huku nyua zetu ni udongo mwekundu. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi stendi inazama kama kijiko kwenye uji. Weka ubao chini ya stendi kwanza, kipande chenye ukubwa wa daftari kinatosha.

Siku hizi mnatazama video kwenye simu. Mnamwona mtu ana stendi ya chuma inayopanda kwa kukanyaga, sakafu ya vigae, na taa kila kona. Sisemi ni vibaya, mimi mwenyewe nazitazama, na nazitazama mno. Huwa nazisimamisha katikati nikitazama mikono ya yule fundi, na mikono yangu inajikunja yenyewe juu ya mashine ya fotokopi. Ila yule hakuonyeshi kwamba nati ya ekseli unailegeza wakati pikipiki bado iko chini, magurudumu yote mawili yakikanyaga. Ukiiinua kwanza ndipo uanze kupigana na spana namba kumi na tisa, unaitikisa mpaka inakuangukia. Hakuonyeshi kufunga breki ya mbele kwa kipande cha tyubu kuukuu, ukizungusha mara tatu kwenye usukani, ili gurudumu la mbele lisitembee. Mwingine anaingiza gia na kuridhika. Gia inashika gurudumu la nyuma, ndugu yangu, na la nyuma ndilo unalolitoa. Sasa gia inamshika nani?

Nakumbuka kila kitu cha kazi ile. Nakumbuka joto la injini iliyozimwa sasa hivi, linavyokupanda shavuni ukiinama. Nakumbuka harufu ya kahawa inayoanikwa kwenye mikeka ng'ambo ya barabara, ikichanganyika na petroli. Ninapenda harufu hiyo kuliko marashi yoyote, na mjini hapa siipati. Nakumbuka pia mlio wa ekseli inapotoka bila kulazimishwa, mlio mdogo, kama mtu anayeguna akiwa amekubali. Zipo siku ninafunga duka nikiwa sijashika kitu kilichonishinda hata kimoja, mikono safi, na nasikitika kuwa ni safi.

Sasa niwaambie kuhusu mgomba.

Mutalemwa alikuwa bodaboda. Alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni, kwa kina Adela, huko Kaagya, na kesho yake asubuhi ndiyo ilikuwa safari. Tairi la nyuma lilikuwa limekwisha, limekuwa laini kama kipara. Kijiwe kilijaa watu siku hiyo, nikamwambia, "Twende nikakubadilishie nyumbani kwako, kwa nafasi." Nilitaka ile pikipiki ifike kwa wakwe ikiwa inang'aa. Yeye alikuwa anaoa, mimi nilikuwa natetemeka.

Tulipofika nikakuta nimesahau kigogo changu cha mti, kile alichonichongea Ta Lwiza. Pale uani, pembeni ya kibanja cha migomba, palikuwa na mgomba uliokatwa asubuhi ile baada ya mkungu kuvunwa. Mutalemwa akachukua panga, akakata magogo mawili mafupi, manene, meupe.

"Haya, stendi yako hii hapa."

Huku kwetu kila mtu ameshafanya hivyo. Gogo la mgomba tunalikalia, tunafulia juu yake, tunalitumia kuviringishia vitu vizito. Mimi nililipenda kwa sababu moja ya kijinga zaidi: halikwaruzi. Chuma cha injini kilikaa juu yake kama kichwa juu ya mto. Nikaitikisa pikipiki kushoto na kulia. Imara. Stendi ya pembeni ilikuwa imelegea, nikaikunja juu isinisumbue. Wale mliokuwa mnahesabu miguu, mmeona nilichofanya.

Kwa pancha ya dakika ishirini, lingeshika. Hilo ndilo linaloniuma. Mafundi wenzangu wote wangeponea hapo, kwa sababu wangetoa gurudumu, wangevalisha tairi, wangerudisha. Mimi nilitoa gurudumu nikaona kutu kwenye rimu. Nikaomba msasa. Nikasugua. Nikaona spoki mbili zimelegea, nikazikaza, nikalizungusha gurudumu mbele ya jicho, nikazikaza upya. Mutalemwa amekaa ananitania.

"Proje, mimi ndiye ninayeoa, au hilo gurudumu?"

"Tulia. Baba mkwe ataangalia rimu."

"Baba mkwe ataangalia mfuko wa sukari niliobeba."

Saa nzima ikapita, na zaidi. Wadogo zangu, mgomba si mti. Ni maganda yaliyokumbatiana, na katikati yake ni maji. Ukiubebesha uzito haulii kama mbao, hautoi mlio wa kukuonya. Unatoka jasho tu, kidogo kidogo, na maganda yanaanza kutelezeana. Kama ningegeuka hata mara moja ningeona kiwingu cha unyevu kwenye udongo chini yake. Niliyekuwa naona vumbi kwenye spoki sikuona hilo.

Ile bushi ya ekseli, kile kibomba kifupi kinachokaa ubavuni mwa gurudumu, ikanidondoka, ikaviringika chini ya pikipiki. Mikono yangu ilikuwa imeshika gurudumu safi, sikutaka kuliweka chini lichafuke. Nikasema, "Niokotee hiyo."

Ni maneno yangu hayo. Hakuna mwingine aliyeyasema.

Mutalemwa akaingiza mkono wa kushoto. Magogo yakateleza kwa pamoja, bila sauti, na ule uma wa nyuma unaoshika gurudumu ukashuka juu ya vidole vyake na kuvibana kwenye jiwe lililojitokeza ardhini. Nililitupa lile gurudumu. Niliinua pikipiki peke yangu, sijui kwa nguvu gani. Hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu, kama anayeuliza, "We Proje?"

Hospitali walimkata kidole kidogo na cha pete. Nilikaa nje kwenye benchi la saruji. Mama yake alitoka, akanitazama, akapita. Mpaka leo sijui mtazamo ule ulikuwa na nini ndani. Mimi niliujaza mwenyewe. Nikaandika kwenye daftari makosa yangu yote ya siku ile, yalifika kumi na moja, nikayapanga kwa mpangilio, nikayakariri. Wiki ile ile niligawa spana zangu kijiweni, nikashuka Bukoba.

Nilisikia pikipiki imeuzwa. Nilisikia Adela hakubadili nia, wakafunga ndoa, na Mutalemwa analima kahawa. Alinitumia salamu mara mbili kwa watu. Sikujibu. Nilisema moyoni kwamba salamu ni adabu tu, si mwaliko.

Mwezi uliopita simu ikaita. Sauti ya mwanamke.

"Shemeji Proje, hujambo? Ni Adela. Mtu wako amenunua pikipiki nyingine."

Nikakaa chini. "Anaendeshaje?"

"Klachi anaivuta kwa vidole viwili, ana maringo kuliko zamani. Sasa tairi la nyuma limekwisha. Anasema uje Jumamosi."

"Yeye amesema?"

"Mimi nimesema. Yeye amenyamaza. Ukimjua, akinyamaza amesema."

Siku tatu nilijiandaa. Nilinunua spana. Nilimtafuta fundi hapa mjini akanichongea kigogo cha mti mkavu, kipana chini, chembamba juu. Nikakata vipande vya tyubu vya kufungia breki, vyote urefu mmoja. Nikachukua mbao mbili, moja ya stendi, na nyingine ya wasiwasi wangu. Nilikuwa na mpango. Nitafika, nitainua, nitabadilisha, sitaongea sana. Kazi itaongea, nayo itakuwa imekamilika kiasi kwamba hakutakuwa na la kusema. Kwenye gari kupanda kule niliupakata ule mfuko wa spana kama mtoto mgonjwa.

Nilipiga hodi, nikapiga tena. Adela akatoka anafuta mikono kwenye kitenge. "Karibu, shemeji, karibu." Nyuma yake, uani, pikipiki imesimama. Tairi la nyuma jipya, vile vinywele vya mpira bado vinaonekana.

Mutalemwa alikuwa amekaa kwenye kigoda ananitazama ninavyolitazama.

"Umechelewa," akasema. "Nimeshabadilisha jana."

Mfuko ukanishuka begani. "Nani alikusaidia?"

"Huyo hapo," akamwonyesha Adela kwa kidevu. "Pikipiki ikae kwenye stendi ya pembeni, yeye avute usukani na kiti kuelekea kwake, gurudumu la nyuma linapanda lenyewe, mimi nasukumia kigogo chini ya fremu upande wa pili. Miguu mitatu. Si ndivyo Ta Lwiza alivyokuwa anakusimanga?"

"Ekseli uliilegeza chini?"

"Chini."

"Breki ya mbele?"

"Nilifunga na kitambaa cha Adela. Amenigombeza mpaka asubuhi."

Nilimwonea wivu, nawaambia kweli. Nilikaribia, nikachuchumaa, nikanyoosha mkono kwenye nati ya ekseli, nione tu imekazwaje.

"Usiguse," akasema.

Mkono ukabaki hewani.

"Mlango haujafungwa miaka minne, Proje. Vidole viliondoka siku moja, nikazoea. Wewe umeondoka kila siku. Mimi nilikutumia salamu, ukanijibu kwa kimya. Ulifikiri nakuhitaji uje unikazie nati?"

"Nilisema niokotee."

"Nami nikaokota. Nina akili zangu, sikuwa jembe lako. Na gogo nani alilikata?"

Kati ya yale makosa kumi na moja, hilo la kwamba gogo alilikata yeye halikuwemo. Nilikuwa nimeyachukua yote, hata la kwake sikumwachia. Nililia, sitawaficha, nikiwa nimechuchumaa pale, na Adela akaingia ndani kwa adabu, akarudi na sinia la ndizi na samaki kama hakuona kitu. Tulikula. Mutalemwa aliniuliza kama fotokopi nazo zina sabuni yake.

Jioni alisema atanipeleka Muhutwe, barabara kuu, nikapate gari la Bukoba. Nilisema nitatembea. Akacheka, akawasha. Nikapanda nyuma, mfuko wangu wa spana mgongoni, mzito, haujafunguliwa. Wanaoijua njia ile wanajua inavyoteremka kutoka juu Kamachumu, kona baada ya kona, na Ziwa likiwa mbali chini. Nilikuwa nimekaa juu ya gurudumu ambalo sikulifunga, sikulikagua, lililofungwa na mtu mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto. Kwenye kila kona nilisikiliza kama kuna mgongano, kama mnyororo unakwaruza, kama ekseli inagonga.

Mutalemwa akapaza sauti katikati ya upepo, "We, mbona huongei? Unasikiliza nini huko nyuma?"

"Tairi!"

"Liache lifanye kazi yake! Niambie habari za miaka minne!"

Nikamshika mabega. Nikaanza kumwambia.